Gari Lililopimwa kwa Macho

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nasema mapema ili usihangaike kumtafuta mwingine. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule na suti za maharusi. Nimepima mabega, viuno na miguu ya nusu ya mji huu. Lakini siku niliyonunua gari la familia, futi yangu ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni, na sikuitumia.

Nyumbani tulikuwa watano: mimi, mke wangu, mapacha wetu wa miaka sita, na mama mkwe. Mama mkwe aliteleza bafuni akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali tulimchukua akae nasi. Daktari alitaka aende kliniki ya mazoezi ya viungo kila Jumanne na Ijumaa.

"Asipokosa, mguu utanyooka," daktari alisema. "Akikosa, utakakamaa. Ukishakakamaa, haurudi wote."

Gari letu la zamani lilikuwa chini kama kigoda. Mama mkwe akiingia, ilikuwa kama anaanguka tena.

"Baba Mapacha," mke wangu akaniambia, "tafuta gari la juu kidogo. Sisemi lori. La familia, Mama apande bila taabu."

Nilimsikia. Ila njiani nilimpitia shemeji, kaka wa mke wangu. Shemeji ni mtu wa kupiga pasi mpaka soksi. Tukaenda yadi ya magari, na hapo tukaliona: SUV ndogo ya kifahari, nyeupe, paa la kioo, limeinama nyuma kama mgongo wa paka anayenyemelea. Viti vya ngozi nyekundu. Rimu kubwa, matairi membamba. Nikakaa kwenye usukani. Shemeji akakaa kando yangu. Hakuna aliyekaa nyuma.

"Shemeji," akasema, "hili ndilo gari la mtu mwenye heshima zake."

Heshima. Neno hilo lilinitoa yadini nikiwa na funguo mkononi.

Jumanne ilikuwa na manyunyu. Mama mkwe alitoka na magongo yake. Akainua mguu mzima, kizingiti cha mlango kikawa juu. Akajaribu tena, akainama, paa likamgonga kwenye paji la uso. Mlango wenyewe ulikuwa mwembamba chini, na mguu mbovu haukupita. Mke wangu akaingia upande wa pili amvute. Hakuweza.

"Msukume basi," akaniambia.

Nikaganda. Mkwe hasukumwi. Mkwe hata kiti alichotoka kukikalia unakiogopa. Lakini saa ya kliniki ilikuwa imefika. Nikamshika kwapani, nikamnyanyua kama furushi la vitambaa. Shuka alilojifunga likafunguka. Kwenye kituo cha basi mbele ya nyumba yetu baadhi ya watu waligeuza nyuso. Wengine hawakugeuza.

Kiti chake cha magurudumu hakikuingia kwenye buti. Tukakiacha barazani. Kule hospitali akatembea ukumbi mzima kwa magongo, akipumzika kila hatua tatu.

Kwenda na kurudi, alilishikilia shuka lake kwa mikono miwili.

Ijumaa alisema kichwa kinamuuma. Jumanne alisema ni mvua. Ijumaa nyingine tumbo. Alikaa dirishani, mguu juu ya stuli, akitazama maji yanavyoteleza kwenye kioo. Nikajaribu kumchekesha, kama kawaida yangu.

"Mama, leo mguu umeomba ruhusa?"

Alinitazama, kisha akarudisha macho dirishani.

Wiki ya sita mke wangu alinikuta naosha gari.

"Mama haumwi kichwa wala tumbo," akasema. "Anaona haya. Na wewe unasugua rimu."

Jirani yetu hushona viti vya magari. Mtaa mzima humwita Dada Sponji, kwa sababu hakuna siku utakayomkuta bila vipande vya sponji kwenye nywele. Nikampelekea gari.

"Nikatie sponji ya kiti cha nyuma," nikamwomba. "Kishuke kidogo, Mama aweze kupanda."

Akafungua mlango wa nyuma. Akaingia, akakaa, akatoka. Kisha akaitazama shingo yangu.

"Hiyo futi ni ya urembo?"

"Ni ya kazi."

"Mtu akitaka suruali, unampima au unamkadiria kwa macho?"

"Nampima."

"Na Mama ulimpima lini?"

Mkono wangu ukaenda kwenye futi.

"Sikati," akasema. "Kiti cha gari si mto wa sebuleni. Ndani mna nyaya, na vingine vina mifuko ya hewa ya kumkinga mtu gari likigongwa. Tena nikikata, kizingiti kitabaki palepale, na paa palepale. Sponji haina kosa, jirani. Wewe umenunua kiti cha mbele, na mgonjwa anakaa nyuma."

Akachukua kamba, tukaenda nyumbani. Mlangoni akanizuia.

"Kumpima mkwe nyonga utaweza wewe? Kaa nje."

Nikakaa nje. Niliwasikia.

"Mama, kitandani unashukaje?"

"Mwenyewe."

"Na kupanda?"

"Mwenyewe vilevile. Kitanda changu hakina watazamaji."

Maneno hayo yaliniingia kama sindano ya cherehani kwenye kidole. Wenye kazi yangu wanajua: huumii mara moja, unaumia ukiitoa.

Dada Sponji alitoka na kamba yenye mafundo matatu.

"Sikiliza, fundi mwenzangu. Fundo la kwanza ni kimo cha kitanda, kutoka sakafuni. Kiti cha gari kikiwa kimo hicho, atageuza mgongo, atakaa kwanza, ndipo aingize miguu. Hatapanda ngazi. Fundo la pili ni kutoka kitini mpaka utosini. Mlango usiwe mfupi kuliko hapo. La tatu ni kiti cha magurudumu kikikunjwa. Kiingie kwenye buti, na mlango ufungwe."

"Ndiyo hayo tu?"

"Bado. Nendeni wote. Mwenye taabu kuliko wote akae kwanza, wewe dereva uwe wa mwisho. Watoto wafungwe mikanda muone kama inawakaa. Angalia tairi la akiba. Hili lako lina chupa ya gundi ya kuzibia tundu tu. Tairi likipasuka na Mama yumo, utampaka yeye? Kisha uliendeshe kwenye barabara yetu yenye mashimo, usiishie kwenye lami ya mbele ya yadi. Na muulize fundi wako kama vipuri vinapatikana hapa."

"Na ngozi nyekundu?"

"Ngozi ni nzuri. Mlete Mama aipapase akiwa nje."

Jumamosi mke wangu na Dada Sponji walimbeba Mama wakamwingiza garini. "Mara ya mwisho," Mama akasema. Ilisikika kama onyo.

Kule yadini muuzaji aliicheka kamba yetu. Gari la kwanza mlango ulitosha, buti ikakataa. La pili buti ilitosha, lakini kiti kilipita fundo kwa kiganja kizima. La tatu lilikuwa SUV ndogo vilevile, tena nzuri, ila paa lilikuwa limenyooka na rangi ilikuwa ya majivu. Viti vya kitambaa. Mama akageuza mgongo, akakaa. Akaingiza mguu mmoja, akauinua wa pili kwa mikono yake. Akafunga mlango mwenyewe. Muuzaji akaacha kucheka.

Tukalijaribu kwenye barabara yetu, tukaliacha lile jeupe yadini na kurudi nyumbani na hili.

Ningependa kukwambia mambo yakaisha vizuri. Jumanne iliyofuata mtaalamu wa mazoezi aliushika ule mguu, akaukunja, akaukunjua polepole.

"Wiki hizi sita mlikuwa wapi?" akauliza.

Mke wangu akanitazama mimi.

"Atatembea," akasema. "Lakini fimbo hataiacha. Wiki zile za mwanzo ndizo zilikuwa za kuunyoosha mguu."

Mama aliitikia kwa kichwa kama aliyejua tangu zamani. Mimi niliishika futi yangu nikaikunja, nikaikunjua, nikaikunja.

Hakukosa tena kliniki. Baada ya miezi mitatu aliyaacha magongo, akabaki na fimbo. Anatoka barazani saa mbili, anafungua mlango, anakaa. Mapacha wanabishana nani amshikie fimbo.

Ijumaa moja shemeji akaja kumsalimu mama yake. Akalizunguka gari, mikono nyuma.

"Shemeji, ulikuwa na gari la maana. Umelibadilisha na sanduku hili? Hivi watu wanasemaje?"

Nikafungua mlango wa dereva. Mama alikuwa ameshakaa nyuma, mkanda umefungwa, fimbo magotini.

"Watu walisema siku ile niliyobebwa na mkwe wangu," akamwambia mwanawe. "Leo nimekaa mwenyewe, wao ndio wamesimama pale kituoni. Sogea hapo mlangoni, tunachelewa."