Ua Lisilokauka

Magazeti ya kukaushia mimea yalikuwa yameloa tena. Jamani, gazeti lililobanwa kati ya mbao mbili na kukazwa kwa mikanda, linaloaje ndani ya chumba kikavu? Mama Majani, kama majirani walivyomtania kwa kazi yake ya kuchunguza mimea, alilikamua, akaweka jingine. Mimea yote aliyoichuma katika kinamasi cha msituni ilikuwa imekauka vizuri. Lile ua jeupe tu ndilo lililokuwa bichi, na lilinuka tope.

Lilikuwa moja tu, kinamasi kizima. Kanuni ya kazi aliijua: mmea ukiwa mmoja, upige picha, uuache. Yeye akaung'oa na mizizi yake. Tamaa ya kuwa wa kwanza kuuonyesha, basi, hakuna kingine.

"Mama, nina kiu," binti yake aliita kutoka sebuleni.

"Si umemaliza jagi sasa hivi, mwanangu?"

"Bado nina kiu."

Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka, na ngozi yake ilikwaruza kama karatasi. Hospitali walimtundikia dripu, wakaishia kukuna vichwa. Na mama hana mwingine, ni huyo huyo mmoja.

Bibi wa mtoto akamleta mganga. Mzee yule alinusa hewa mlangoni, akanong'ona, "Umechukua cha nani?"

"Ua tu, babu."

"Lilikuwa na wenzake?"

Mama Majani akatikisa kichwa.

"Lirudishe leo hii. Jini wa kinamasi naye alikuwa na hilo hilo moja."

Basi akalibeba mbio, akaingia kinamasini maji yakimfika kiunoni, vyura wakanyamaza wote kwa pamoja, na nyuma yake akasikia mtu akikanyaga maji polepole, akisimama kila aliposimama yeye, naye hakuthubutu kugeuka, akachimba tope kwa kucha na kulipanda pale pale huku akilia, "Nisamehe, niachie mwanangu," mpaka simu ikalia mfukoni mwa shati.

"Kapona!" bibi alipiga kelele. "Anacheka!"

Nyumbani, binti alimrukia shingoni, mashavu yamejaa. Mama akalia kwa furaha. Kisha akasikia harufu ya tope kinywani mwa mtoto.

"Huna kiu tena, mwanangu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kiu? Mimi sijawahi kuwa na kiu."

Akakimbilia chumbani. Mikanda aliyoiacha wazi alipotoa ua ilikuwa imekazwa hadi mwisho, na magazeti, safari hii, yalikuwa makavu kabisa. Katikati yake kitu kikakwaruza.

"Mama... nina kiu."

Akaivuta mikanda mpaka kucha zikatoka damu. Haikulegea. Yule wa sebuleni akaja kusimama mlangoni, maji yakimchuruzika miguuni.

"Mwache akauke, mama."