Chokaa Haina Haraka

Yovana hajafika hata nusu ya glasi yake ya juisi ya papai, pale soko kuu la mji wa Sucre, mtu akampita nyuma na kumgusa bega. Kugeuka, loo! Koti lake jeusi, lile la kutokea, lina alama ya vidole vitano vyeupe pe.

"We kaka, macho umeyaacha wapi?"

"Kwenye hayo mabuti yako mekundu, dada," akajibu kijana aliyejaa chokaa kuanzia kofia hadi viatu. "Samahani, inafutika. Naitwa Limbert."

"Nyie watu wa milimani kila kitu mnapaka chokaa!"

"Na nyie wa Santa Cruz kila kitu mnapaka maneno. Lafudhi imeshakuumbua."

Bi Casimira, muuza juisi, alicheka hadi akamwaga maziwa. "Limbert, mpakie nyumba yake huyu. Tangu jana ananililia hapa."

Na kweli alikuwa analia. Bibi yake alimwachia nyumba karibu na uwanja mkuu: nyua tatu, roshani ya mbao, vigae vyekundu, kuta za udongo nene kiasi cha mtu kulala dirishani. Katikati ya mji nyumba zote sharti ziwe nyeupe, na sherehe za mji za Mei zilikuwa mlangoni. Yovana alitaka kuipaka, kuiuza, na kurudi zake kwenye joto la Santa Cruz. Baridi ya Sucre ilikuwa imemshinda.

Kwa hiyo Limbert akaja na ndoo zake. Siku ya pili Yovana akamkuta anakoroga kitu kinachovutika.

"Hiyo nini? Supu?"

"Utomvu wa mpungate, ule mmea wa miiba. Ndio unaoifanya chokaa ishike ukuta."

"Mungu wangu! Nyumba ya bibi inapakwa mlenda!"

"Cheka tu. Wenye migodi ya fedha ya Potosí walipaka hivihivi. Walikuja huku kukimbia baridi ya kwao. Wakasema watakaa mwezi mmoja, wakazikwa hapa."

"Mimi sizikwi hapa."

"Basi olewa hapa."

Akarushiwa ganda la mpungate, likampata shingoni. Lakini jioni hiyo Yovana ndiye aliyepiga simu kwanza. "Umekula?" "Bado." "Kwa nini bado?" "Nakuwaza wewe." "Mwongo mkubwa!" Wakacheka, wakaongea saa nzima. Wiki haijaisha, walikuwa wanaitana kipenzi bila kuona haya. Hata hivyo neno la kuuza nyumba hakuna aliyeligusa.

Alhamisi Limbert akaupaka ukuta wa mbele. Aliposhuka ngazi akasema, "Usiuangalie mpaka kesho, mpenzi. Chokaa haina haraka." Yovana, aliyezoea rangi za makopo, akadhani ni utani wake wa kila siku.

Jioni ileile, bila taarifa, akatokea Bwana Walberto, mnunuzi. Ukuta ulikuwa umelowa, wa kijivu, mabaka matupu, udongo wa zamani unachungulia. "Binti, hii si nyumba, hili ni tope," akasema, akarudi garini. Yovana akampigia Limbert simu papo hapo, kwa hasira.

"Limbert, umefanya makusudi!"

"Nini tena, kipenzi?"

"Usiniite kipenzi! Umepaka maji ukutani ili mnunuzi akimbie, nisiondoke!"

"Yovana, baba yangu amepaka mji huu miaka arobaini. Siharibu ukuta wa mtu, hata kama mtu huyo ananiua kwa mapenzi. Kwaheri." Yovana alipopiga tena, simu ilikuwa imezimwa.

Asubuhi akatoka aende kukata tiketi ya basi. Hatua mbili tu barabarani, akafumba macho. Ukuta umekauka, unawaka weupe kuliko nyumba zote za mtaa. "Ole wangu," akanong'ona. "Nimefanya nini?" Papo hapo simu ikalia. Bwana Walberto! Amepita na gari, ameuona, anatoa bei yote. Yovana akamjibu maneno machache, akakata, akaanza kukimbia.

Alimkuta Limbert juu ya ngazi, anapaka ukuta nyuma ya kanisa.

"Limbert, shuka."

"Nina kazi, dada."

Hilo "dada" lilimchoma. "Nimekukosea. Nimekushuku hila na wewe umenitendea haki. Nisamehe."

Wamama waliokuwa wanatoka misa wakasimama. "Ongeza sauti, binti," mmoja akasema. "Huku nyuma hatusikii!"

Limbert akashusha brashi. "Nikwambie ukweli? Nilifikiria. Nilishika vumbi mkononi, nikasema nitie kidogo tu kwenye ndoo, chokaa ichafuke, ukae hata mwezi mmoja zaidi. Nikashindwa. Ndiyo maana maneno yako yaliniuma sana."

Yovana akacheka huku machozi yanamtoka. "Mjinga wewe."

"Na mnunuzi?"

"Kapiga leo. Anatoa bei yote."

Uso wa Limbert ukanywea. "Hongera. Unasafiri lini?"

"Nimemwambia nyumba ina watu."

"Watu gani?"

"Mmoja ni mimi. Wa pili yuko juu ya ngazi, sijui kama atashuka."

Alishuka kwa pupa hata akaruka vipago vitatu vya mwisho, akatua kwa magoti mbele ya mabuti mekundu.

"Msimwinue!" yule mama akapiga kelele. "Kafika mwenyewe pa kuposea!"

Limbert hakuinuka. Alimshika Yovana mkono, akaanza kumwuliza, na Yovana akasema ndiyo kabla hajamaliza.