Machungwa ya Bibi Hayana Kosa

Kila Jumamosi Kijiko alimsaidia mama yake mdogo katika mkahawa wao. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu hakuna sufuria iliyopita mbele yake bila yeye kuchovya kijiko na kuonja. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwepesi wa miguu, lakini kazi ya kukaa mahali pamoja ilimchosha kabla hajaianza.

Jumamosi hiyo walipika keki ya machungwa, na kuku kwa maji ya machungwa na vitunguu saumu. Kazi ya Kijiko ilikuwa kukwaruza maganda.

"Kwaruza rangi ya juu tu," mama mdogo alimkumbusha. "Ukiona weupe, geuza upande. Ule weupe ni mchungu kuliko dawa."

"Ndiyo, mama mdogo."

Nje, wenzake walikuwa wakiruka kamba na kucheka. Chungwa la kwanza Kijiko alilikwaruza polepole. La pili, haraka. Yaliyobaki aliyakwaruza rangi na weupe wake, bakuli likajaa upesi, akatoka mbio. Hata kuonja hakuonja, yeye Kijiko! Mama mdogo, aliyekuwa na shughuli tele, akatia nusu ya maganda kwenye keki na nusu kwenye mchuzi.

Mchana sahani zilianza kurudi jikoni. Fundi seremala, mteja wa kila siku, alitafuna kipande cha kuku akakunja uso. "Mama, leo umetupikia mwarobaini?"

Wateja wakacheka. Mama mdogo hakucheka. Alionja mchuzi, akaonja keki, akamgeukia Kijiko, aliyekuwa amesharudi kutoka kucheza. "Ulikwaruza vizuri?"

"Ndiyo. Labda... labda machungwa yenyewe ni mabaya."

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria. Mama mdogo akamshika mkono, wakavuka barabara hadi kwenye meza ya bibi muuza machungwa.

"Bibi, umeniuzia machungwa gani? Wateja wangu wamerudisha chakula! Muulize huyu mtoto, ndiye aliyeyakwaruza."

Watu waliokuwa wakichagua machungwa wakageuka. Bibi akamtazama Kijiko. "Ni kweli, mjukuu wangu?"

Kijiko akaitikia kwa kichwa.

Mwanamke mmoja akarudisha machungwa aliyokwisha kuchagua, akaondoka. Mwingine akamfuata. Bibi hakubisha. Alijaza mfuko machungwa mengine, akampa mama mdogo bure, kisha akamwekea Kijiko chenza mkononi. "Pole, mjukuu wangu. Nimekuhangaisha bure."

Aibu ilimpanda Kijiko hadi masikioni. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Waliporudi, mama mdogo alikwaruza mwenyewe, akapika mchuzi mwingine. Ulikuwa mtamu, wenye harufu nzuri. "Unaona?" alisema. "Yale yalikuwa mabovu kweli."

Hapo Kijiko akaangua kilio. "Bibi hana kosa! Nilikwaruza mpaka weupe. Nilitaka kwenda kucheza."

Mama mdogo akaketi. "Na mimi nikaenda kumfokea mtu mzima mbele za watu," alisema. "Hata chungwa moja sikulikata nikalionja. Simama, twende."

Wote wawili waliomba radhi, na mama mdogo akayalipia machungwa aliyopewa bure. Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Nimewasamehe," alisema. "Lakini wale walioondoka hawajasikia haya. Wao wanajua machungwa yangu ni mabaya, na watawaambia wengine."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana Kijiko aliumia zaidi.

"Basi atawaambia Kijiko mwenyewe," mama mdogo akaamua.

Kesho yake Kijiko alisimama kando ya meza ya bibi, wenzake wa kamba wakimtazama. Alipomwona yule mwanamke wa kwanza akipita upande wa pili, alimkimbilia.

"Shikamoo, mama. Jana nilidanganya. Machungwa ya bibi ni mazuri. Mimi ndiye niliyeharibu chakula."

"Marahaba," mwanamke alijibu, kisha akageuka, akaenda kuchagua machungwa. Fundi seremala naye, aliposikia, alinunua mfuko mzima na kumtania bibi kwamba sasa ana wakili. Hadi jioni meza ilikuwa karibu tupu. Lakini yule mwanamke wa pili hakuonekana.

Mama mdogo alikuja kumchukua. "Mwanangu, kukwaruza vizuri kungekuchukua muda mfupi tu," alisema. "Kwa kukwepa kazi hiyo ndogo umesimama hapa siku nzima, na bado yupo mtu anayemdhania bibi vibaya. Ukiharibu kazi, sema mapema, tutairudia. Ukisingizia mtu, uongo unaondoka na kila aliyeusikia, na huwezi kuwafuata wote."

Kijiko alitazama barabara, huku na huko, mpaka bibi alipomaliza kufunga meza yake.

"Bibi," alisema kwa sauti ndogo, "kesho nikitoka shule nitakuja kumngoja tena yule mwingine."