Jina Alilorithishwa Kama Gauni

Ndugu zangu mliowahi kuambiwa mrudi kesho, isomeni habari hii polepole. Ndani yake yumo baba mmoja kama nyinyi, na hakuna nilichokitia chumvi.

Mchana ule karakana ilikuwa shwari. Fundi mageti alikuwa amezima mashine ya kuchomelea, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anamtazama binti yake. Binti alikuwa muuguzi. Hospitali moja ng'ambo ilikuwa imempa kazi, na zilibaki wiki tatu aripoti. Sanduku lake alilitundika kwenye mizani ya kupimia vyuma chakavu: likazidi kilo moja. Akatoa viatu, akavitazama kwa huruma, akavirudisha, akatoa taulo. Fundi, mgane wa miaka tisa, hakuwahi kuona jambo kubwa kama hilo likifanyika kwake. Mtoto wake anapanda ndege.

Simu ikalia mlio wa barua pepe. Binti aliisoma mara mbili, kisha akakaa juu ya rundo la mabomba bila kujali vumbi.

Hospitali ilikuwa imeiuliza ofisi ya vizazi na vifo kama cheti chake cha kuzaliwa ni cha kweli. Ofisi ikajibu kwamba cheti ni cha kweli kabisa, ila mwenyewe alifariki akiwa na umri wa mwaka mmoja.

"Baba," binti alisema taratibu, "mimi nilikufa lini?"

Fundi alianza kuwatukana watu wa ofisi, mmoja mmoja na vyeo vyao. Alipowamaliza, binti bado alikuwa anamsubiri. Ndipo akamweleza.

Kabla yake kulikuwa na dada, aliyeondoka na homa. Mwaka uliofuata akazaliwa yeye, na kwa sababu ya alama nyeusi shavuni nyumba nzima ikamwita Kidoti. Mama alikwenda kumwandikisha. Akaambiwa mkuu hayupo, karatasi haijatiwa saini, arudi. Akarudi, mtoto mgongoni, mara tatu zaidi. Mwisho akamwomba mumewe amsaidie kwenda mara moja tu. Fundi akasema yeye hapangi foleni kwa watu wanaokunywa chai mpaka saa sita. Hasira yake ilikuwa ya haki, nami nasimama naye hapo. Wanaokalia viti vile wanalipwa kwa jasho letu, halafu wanatutazama kama nzi. Lakini hasira haikumpa mtoto cheti.

Kidoti alipofika umri wa shule, mama alikuwa safarini anamuuguza mama yake. Mwalimu mkuu alisema bila cheti haandiki mtu. Fundi akafungua kopo la chuma walimoweka karatasi, akakuta cheti kimoja tu, cha marehemu. Akakibeba. Mtoto alikuwa amekulia katika magauni ya dada yake, na bado anakunywa kwenye kikombe cha dada yake. Baba akaona na jina nalo ni hivyo hivyo, limebaki zima, kwa nini litupwe.

Mama aliporudi hakupiga kelele. Alisema, "Mmoja tumemzika, na huyu umemfuta." Akaenda kulala akiwa amevaa kanga zake za safari. Halikuzungumzwa tena. Jina likaendelea: shule, chuo, leseni ya uuguzi, pasipoti. Hakuna ofisa hata mmoja aliyefungua kitabu kuangalia. Mpaka wageni walipouliza.

Kesho yake baba na binti walikwenda ofisini. Wa dirishani, kijana wa tai, alisema bila kuinua macho kwamba kutumia cheti cha marehemu ni kosa, mtu anaweza kufungwa. Fundi alikunja ngumi. Binti akamshika mkono, akauliza kwa sauti ya wodini, ile ya kumtuliza mgonjwa, kama kuna kitabu cha mwaka aliozaliwa yeye. Kijana akaelekeza ghorofa ya chini kwa kalamu.

Huko chini, wasomaji wangu, fundi alivua kofia bila kuambiwa. Vitabu vilipanda kutoka sakafuni hadi darini, vikubwa kama milango ya geti dogo, mstari kwa mstari. Watu wa mji mzima walikuwa mle, waliokuja na waliokwenda, kimya. Mwanamke mtunza vitabu, mtu mzima mwenye glavu nyeupe, aliuliza mwaka, mwezi na jina la mama tu. Akapanda ngazi, akashuka na kitabu kifuani kama amembeba mtoto.

Akafungua. Akashusha kidole. Kikasimama.

Jina lilikuwepo. Si la marehemu. Jina jingine, alilolichagua mama, ambalo binti hakuwahi kuitwa hata siku moja, na mbele yake saini ya mama. Wino ulikuwa umefifia kama chai ya maji mengi, lakini kalamu ilikuwa imekandamizwa hadi karatasi ikabonyea. Fundi alijua mkewe hakusoma, na kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kumwona akishika kalamu. Kumbe alijifunza herufi zile mahali fulani, kwa siri, kwa ajili ya mstari ule mmoja. Fundi akapitisha kidole kwenye mabonyeo, taratibu, kama anavyokagua chuma alichokichomelea.

Mtunza vitabu akatoa bahasha iliyobanwa nyuma ya ukurasa. Ndani yake kilikuwa cheti, kimetiwa saini siku mbili tu baada ya mama kuja mara ya mwisho. Juu ya bahasha kulikuwa na tarehe nne, na neno moja mbele ya kila tarehe: *amekuja*.

"Kilikuwa tayari," mtunza vitabu alisema. "Hakuja mtu."

Binti alijisomea jina lake kwa mdomo bila sauti. Fundi alitazama ukutani.

Wakili waliyemwendea aliwaambia njia ipo, ila baba aape kwa maandishi kwamba ni yeye aliyepeleka cheti cha marehemu shuleni, na akishaapa anaweza kushtakiwa. Fundi akasema lete. Wakamtaka atie dole gumba, lakini moto wa kazi ulikuwa umelila hadi likawa laini. Mara tatu ikatoka doa tupu.

"Mzee," wakili akasema, "hata kidole chako kinakataa kukiri."

"Kidole ni kikaidi kama mwenyewe," fundi akajibu. Akaomba kalamu, akaandika jina lake, akikandamiza kwa nguvu.

Hawakumfunga. Ila kusahihisha shule, chuo, leseni na pasipoti kulichukua miezi saba, na kazi ile ikapewa mwingine. Kidoti aliondoka mwaka uliofuata, kwenda hospitali ndogo zaidi. Pale uwanja wa ndege ofisa aliita jina lake kwa sauti. Hakugeuka, alikuwa hajalizoea bado. Fundi ndiye aliyemgusa bega.

"Nenda mwanangu. Ni wewe huyo, mama yako anakuita."

Funzo

Nyinyi mnaokalia viti: nyuma ya kila "rudi kesho" yupo mama mwenye mtoto mgongoni, na vitabu vyenu vinamhesabu hata msipomhesabu. Na nyinyi akina baba, walaumuni wakubwa, wanastahili. Lakini walaumuni mkiwa ndani ya foleni. Cheti cha mtoto kikaguliwe leo, akiwa bado anatambaa, kila karatasi iwe na jina moja, lake mwenyewe. Msimvishe mtoto aliye hai jina la aliyelala. Atakua, siku ya safari itafika, na atawauliza alikufa lini.