Kwani Dunia Haikupigwa?

Supamaketi ya Kitengela ilifurika Jumamosi ile ya mwisho wa mwezi, na foleni za kulipia zilifika hadi kwenye friji za maziwa. Waruguru alisimama kwenye foleni mojawapo akiwa na gauni la rangi ya haradali na raba nyeupe, nywele kazifunga kwa kitambaa cha kitenge. Toroli lake lilijaa pakiti za unga wa ngano, na juu yake mikebe ya kakao. Nyuma yake alikuwa Wangila, kijana mrefu mwenye vumbi jeupe kwenye buti, aliyeingia kununua mkate tu. Aliutazama unga ule mpaka akashindwa kunyamaza.

"Dada, hiyo harusi ni ya nani? Na mimi nialikwe."

"Si harusi. Ni sayari."

"Sayari inapikwa na kakao?"

Waruguru alicheka, akageuka kumtazama vizuri. Akamweleza kwamba alikuwa mtafiti wa chuo kikuu jijini, na kazi yake ilikuwa kuchunguza kreta za Zebaki, sayari iliyo karibu zaidi na jua. Kreta ni mashimo yaliyochimbwa na vimondo vilivyoigonga. Alikuwa anaenda kuwaonyesha wanafunzi. Unaweka unga kwenye beseni, unanyunyiza kakao juu, halafu unaangusha kokoto. Unga mweupe unaruka na kuacha mistari kuzunguka shimo, vile vile inavyoonekana kule juu. Wangila naye akamwambia kwamba huchimba visima vya maji kote Kajiado, mpaka Kimana.

"Kumbe sisi wote ni watu wa mashimo," akasema.

"Yako iko na maji. Yangu haina hata hewa."

Walipofika kwa keshia, Wangila alikuwa ameshapata namba yake ya simu.

Mapenzi yao yalishika moto kwa simu. Wangila akiwa kando ya mtambo wa kuchimba, Waruguru mbele ya kompyuta iliyojaa picha za mawe ya kijivu, waliongea kila jioni mpaka chaji ikaisha. Siku moja Waruguru alipiga akihema kama aliyekuwa akikimbia.

"Babe, sikia hii. Kimondo kikubwa kikigonga, mwamba unatiririka kama uji. Unabonyea, unarudi juu, halafu unaganda hapo hapo. Ndio unapata mlima katikati ya shimo. Leo nimepata kreta moja hakuna mtu ameiandika."

"Uko na wazimu, mrembo wangu."

"Na wewe unapenda mwenye wazimu."

Wangila alimpenda kweli. Lakini kila alipotaka kumuuliza jambo kuhusu kazi ile, alilimeza swali lake. Aliogopa kuonekana mjinga.

Ndipo ikafika siku ya kumpeleka nyumbani. Mama yake Wangila, Naliaka, nesi mstaafu anayeishi Kitengela, alipika kuku wa kienyeji na ugali wa wimbi. Baada ya kuombea chakula, akamgeukia mgeni kwa tabasamu.

"Karibu sana, mwalimu. Wangila ametuambia unafundisha jiografia sekondari. Hiyo ni kazi mtu anaelewa."

Waruguru alimtazama Wangila. Wangila aliitazama sahani. Msichana akashukuru, akala, akasaidia hata kuosha vyombo. Walipofika langoni ndipo aliposema, kwa sauti ya chini.

"Unaona haya ya kazi yangu?"

"Si hivyo, Waruguru."

"Ni vipi basi?"

Wangila aliinama, akaanza kuchezea komeo la lango.

"Kama huwezi kumwambia mamako mimi ni nani, utamwambia nani?" Akaingia garini, akaondoka.

Simu za Wangila hazikupokelewa tena. Wangila alienda Kimana kuchimba, akarudi amekonda. Mwishowe alimweleza mama yake ukweli wote, naye mama akakasirika kuliko alivyotarajia. Alimwambia kwamba amemfanya amvunjie mgeni heshima mezani pake mwenyewe, na kwamba ni lazima mwanawe ampeleke kwa huyo binti popote alipo.

Chuoni wakaelekezwa: Waruguru alikuwa Kajiado, kwenye siku ya sayansi ya shule moja ya wasichana. Mikono yake ilikuwa nyeupe kwa unga mpaka viwikoni, na kila kokoto lilipoanguka wanafunzi walipiga kelele. Alimwona mama kwanza, amekaa kwenye benchi na kofia yake ya kanisani, halafu Wangila kando yake na shati lililopigwa pasi. Akakung'uta unga mikononi. Akauliza kama kuna swali.

Wangila alisimama.

"Mimi niko na moja. Nimekuwa nayo tangu tujuane. Kama Zebaki imejaa kreta, mbona nachimba kila mahali na sijawahi ona hata moja? Kwani dunia haikupigwa?"

Wasichana walicheka kidogo, kisha wote wakamgeukia Waruguru. Nao walitaka jibu.

"Ilipigwa. Ilipigwa sana," alisema. "Lakini huku tuko na mvua, upepo, mito na volkano. Vimefunika na kufuta karibu kreta zote. Zebaki haina mvua wala upepo, kwa hivyo imebaki na alama za miaka mabilioni."

Mama hakungoja ruhusa. Alichukua kokoto kubwa kuliko yote, akaliachilia kutoka juu ya kichwa chake, na unga ukamrukia hadi kwenye kofia. Ukumbi ukalipuka kwa vicheko.

Baadaye, kando ya ua wa shule, Wangila aliongea bila kusita.

"Sikuona haya. Nilikuwa sielewi, na niliogopa ukijua utaniacha. Mama alipouliza, nikasema kitu rahisi."

"Si ungeniuliza tu."

"Nimeuliza leo, mbele ya shule nzima."

Waruguru alicheka huku machozi yakimlengalenga. "Hata mimi nusu yake sielewi, Wangila. Ndio maana naitwa mtafiti."

"Basi niko na swali ya pili. Utaolewa na mimi?"

Waruguru alimshika mkono. Kisha akamwambia alichokuwa akikificha: amepata nafasi Ujerumani, mwaka mzima, kuchambua picha mpya za Zebaki. Aliogopa kwamba habari hiyo ingemaliza kila kitu.

Wangila hakuuachia mkono wake.

"Sikuuliza utakaa wapi," akasema. "Nimeuliza kama utaolewa na mimi."

"Ndiyo," akasema Waruguru. "Ndiyo, mpenzi."

Mama, aliyekuwa amejifanya anatazama mbuzi ng'ambo ya ua, akapiga vigelegele kabla hajaambiwa.