Hili Si Donge la Unga

Mtaa mzima ulimwita Hamira. Mnajua hamira ilivyo. Ukitia kidogo tu, unga unaumuka. Na mama huyu alikuwa hivyo hivyo. Muuza duka akimpunja sukari, anaumuka. Mumewe akiacha viatu katikati ya mlango, anaumuka. Lakini moyo wake ulikuwa mweupe, na mikate yake ilisifiwa na kila mtu.

Alioka mikate katika chumba cha nyuma ya nyumba, pamoja na wifi yake. Wifi huyo alikuwa dada mkubwa wa mumewe. Alifiwa na mume, akaja kuishi nao. Wifi alilinda tanuri, Hamira alikanda unga. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, mikono ya Hamira ilikuwa ndani ya beseni hadi viwiko. Alisukuma, akakunja, akapiga. Akikuta donge, alilibana kwa kiganja mpaka lisambaratike.

"Donge halina haki ya kukaa kwenye unga wangu," alizoea kusema.

Ili asisinzie, alikunywa kahawa nzito, kikombe juu ya kikombe. Njaa ikimshika, alitafuna karanga zilizojaa chumvi. Kazi ya tanuri ni ngumu bwana, nani wa kumlaumu?

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Kila mwezi, siku kadhaa kabla ya hedhi, matiti ya Hamira yalivimba na kuuma. Akiyagusa, alisikia ndani madonge madogo madogo, kama maharage. Kuinua beseni la unga ilikuwa adhabu. Hedhi ikija, maumivu yaliondoka na madonge yakanywea. Mwezi uliofuata, yale yale.

Hamira alifanya nini? Alifanya kile alichokijua maishani mwake. Alijifungia chumbani, akapaka mafuta, akayakanda. Aliyakanda kama unga, kwa kiganja na kwa nguvu, mpaka akaona nyota mchana. Kesho yake titi lilikuwa na alama za kuvilia damu, na maumivu yamezidi. Hamira akadhani hajakanda vya kutosha. Akaongeza nguvu. Jamani, mtu na akili zake!

Siku moja alishindwa kujizuia. Aliinua sinia la mikate, likamgusa kifuani. Sinia lote likaenda chini.

"Una nini wewe?" wifi aliuliza.

Hamira akamwambia. Wifi alichungulia nje ya mlango. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Madonge kwenye titi si mchezo. Lazima yatolewe. Nitamwita Bwana Wembe. Jumamosi atakuja hapa hapa."

Bwana Wembe alikuwa mchanjaji. Ukiumwa kichwa, alikuchanja. Ukiumwa goti, alikuchanja. Kila ugonjwa duniani, yeye aliujibu kwa wembe na unga mweusi wa kupaka kwenye kidonda.

"Si afadhali niende zahanati, wifi?"

"Thubutu! Mama yangu mdogo alikwenda na donge lake, wakamkata titi lote. Hakurudi nyumbani. Hospitali ndiyo iliyomuua."

Hamira akamfuata mumewe, ambaye alikuwa fundi wa magari. Alimkuta chini ya gari, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Mambo ya kike mimi siyajui," miguu ilijibu. "Dada ni mtu mzima. Msikilize."

"Titi ni langu au la dada yako?" Hamira alifoka, akaondoka zake.

Lakini hasira ile ilikuwa kifuniko tu. Chini yake palikuwa na hofu. Hamira aliogopa wembe. Aliogopa zaidi kwenda kupimwa na kuambiwa ana saratani. Alijiona amekufa, wanawe wadogo wamebaki, na mtu mwingine anakanda unga katika beseni lake. Akasema moyoni, bora nisijue.

Miongoni mwa wateja wake alikuwepo jirani mmoja, nesi wa zahanati. Kila asubuhi alipita kununua mkate akienda kazini. Asubuhi iliyofuata Hamira alipomnyooshea mkate, mkono wake mwenyewe uligusa titi. Akaguna kwa maumivu.

"Jirani, wapi panauma?" nesi akauliza.

Hamira alitazama huku na huku. Wifi alikuwa amekwenda kuteka maji. Basi akayamwaga yote: uvimbe, madonge, mafuta, kukanda, na Bwana Wembe.

Nesi alishika kichwa. "Unalikanda titi? Kama unga?"

"Sasa donge linaondokaje?"

"Titi si unga, jirani! Unaliumiza. Na huyo Wembe asikuguse. Wembe mchafu huleta usaha na maradhi mengine. Twende ukapimwe leo."

"Na wakiniambia ni saratani?"

"Basi utaanza matibabu mapema, na wengi wanaotibiwa mapema hupona. Mficha maradhi kifo humuumbua. Unaogopa kujua, lakini kutojua hakujamponya mtu hata mmoja."

Maneno hayo yalimwingia. Hamira alivua aproni, akanawa mikono, akavaa viatu. Njiani alitamani kugeuka, lakini hakurudi nyuma.

Huko zahanati, nesi alimchunguza polepole kwa ncha za vidole, titi moja baada ya jingine, mpaka kwapani. Akamuuliza madonge huja lini na huondoka lini. Kisha alimpeleka kwa daktari, na Hamira akafanyiwa kipimo cha picha. Kusubiri majibu kulikuwa kurefu. Hamira, aliyezoea kufokea dunia nzima, alikaa kwenye benchi kimya.

Daktari alitoka akitabasamu. "Mama, hakuna saratani hapa. Kuna vifuko vidogo vya maji, na nyama za titi zinazovimba kabla ya hedhi. Wanawake wengi sana wanayo hali hii."

Hamira alilia. Kisha akaumuka. "Yaani miezi yote hiyo nimejipiga mwenyewe bure?"

"Bure kabisa," nesi alisema, akacheka. "Sasa sikiliza. Mwilini mwako kuna homoni. Hizo ndizo zinazoongoza hedhi. Hedhi ikikaribia, hulifanya titi livute maji, livimbe. Hedhi ikifika, maji yanapungua. Ndiyo maana madonge yako huja na kuondoka."

"Dawa yake?"

"Kwanza, mikono yako mbali! Pili, hebu nione sidiria yako." Aliitazama, akatikisa kichwa. "Hii imelegea kama mfuko mtupu. Wewe unakanda unga saa nzima, kifua kinarukaruka. Nunua inayokushika vizuri, yenye mikanda mipana, isiyobana. Siku za maumivu, lala na nyingine laini. Weka kitambaa cha uvuguvugu, au cha baridi, chochote kinachokupa nafuu."

"Na chakula je?"

"Unakula nini kazini?"

"Kahawa," Hamira alisema. "Na karanga."

"Za chumvi?"

"Sasa karanga bila chumvi ni karanga gani?"

Nesi alicheka tena. "Chumvi nyingi hufanya mwili ushike maji. Ipunguze, hasa hedhi ikikaribia. Mafuta ya kukaangia, punguza pia. Kula mboga za majani, matunda, maharage, na huo mkate wako wa unga usiokobolewa. Kahawa, wapo wanaopata nafuu wakiipunguza, na wapo ambao haiwasaidii kitu. Ipunguze miezi miwili mitatu, uone mwenyewe. Zipo pia mbegu za kitani, zile ndogo za kahawia zinazong'aa. Zisage, utie kijiko katika uji kila siku. Baadhi ya wanawake zimewasaidia. Lakini si muujiza. Na mtu mwenye mimba, au anayetumia dawa nyingine, aulize kwanza."

"Maumivu yakizidi?"

"Njoo, tutakupa kidonge cha kutuliza. Kuna jambo moja zaidi, na hili ulishike kuliko yote. Haya yote ni kwa mtu aliyekwisha kupimwa. Usimpe mtu mbegu za kitani ukamwambia akae nyumbani na donge lake. Jikague kila mwezi, siku chache baada ya hedhi kwisha, titi likiwa laini. Donge lisiloondoka baada ya hedhi, au gumu, hata kama haliumi, njoo. Chuchu ikitoa damu, au ikiingia ndani, njoo. Ngozi ikibonyea au ikawa kama ganda la chungwa, njoo. Uvimbe kwapani, njoo. Usingoje."

Hamira alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara, kama mwenye mtaa.

Jumamosi, Bwana Wembe alifika na mkoba wake. Alijikaribisha mwenyewe, akatandaza vitu vyake juu ya meza ya unga. Hamira alikuwa ameshika sepetu ndefu ya mbao ya kutolea mikate tanurini.

"Ondoa takataka yako kwenye meza yangu."

"Kaa hapa mama, haitachukua muda."

"Sikai. Nimepimwa, ninajua nina nini. Wewe wembe huo uliuchemsha lini? Umewachanja wangapi nao?"

"Mwanamke mbishi haponi!" Bwana Wembe alifoka.

"Basi nitakuwa mbishi wa kwanza kupona! Toka!" Sepetu ilipanda juu. Bwana Wembe akakusanya vitu vyake mbio mbio. Mumewe Hamira, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisogea kumpisha.

Alipofika uani, Bwana Wembe aligeuka. Akamtazama wifi. "Na wewe je? Leo si siku yako ya kuchanjwa tena?"

Wifi aliinamisha uso.

"Siku yako ya nini?" Hamira aliuliza.

Wifi alishika upande wa titi lake, karibu na kwapa. "Langu haliumi," alisema mwishowe. "Nikasema kwa kuwa haliumi, si kitu. Amenichanja mara mbili. Bado lipo. Hedhi mimi imekwisha zamani, wifi. Hili haliji wala haliondoki. Lipo tu."

Haliondoki. Haliumi. Maneno ya nesi yalikuwa bado mabichi masikioni mwa Hamira. Akaweka sepetu chini.

"Vaa viatu."

"Siendi. Wataniua kama mama mdogo!"

"Mama mdogo alikwenda lini? Mara tu alipoliona?"

"Alipokwisha kuwa na kidonda."

"Basi hospitali haikumuua. Kuchelewa ndiko kulikomuua. Vaa viatu, au nakubeba mgongoni, mtaa mzima uone!"

"Na unga huu? Umeshaumuka."

"Uache umwagike!"

Mumewe ndiye aliyepiga magoti. Alimvisha dada yake viatu, kimoja kimoja, kwa mikono yake yenye grisi. "Twende, dada," alisema. "Mimi niliyakimbia haya mambo. Sikimbii tena."

Donge la wifi lilikuwa saratani. Nisiwafiche. Lakini lilikuwa bado dogo, halijasambaa. Zahanati waliandika rufaa ya hospitali kubwa. Huko wifi alifanyiwa upasuaji, akapewa dawa kali. Nywele zilimtoka. Kuna siku alitapika mpaka akaomba kuachwa. Hamira alikataa kumwacha. Alimpikia uji, akamwosha, akagombana naye, akamrudisha hospitali kila tarehe yake. Daktari alipowaambia kwamba dawa zimefanya kazi, wifi alirudi kwenye tanuri lake, kilemba kichwani.

Na Hamira? Alinunua sidiria inayomfaa. Kahawa alibakisha kikombe kimoja, na karanga akazila bila chumvi huku amekunja uso. Mezani paliongezeka mboga. Mbegu za kitani zilisagwa kwenye kinu. Miezi ikapita. Maumivu hayakwisha yote, lakini yalipungua sana, hata beseni aliliinua bila kuuma meno. Kila mwezi alijikagua. Daktari alipomwita tena, alikwenda bila kusukumwa.

Jambo moja lilibadilika zaidi. Hamira aliacha kunong'ona. Kila mwanamke aliyefika kununua mkate aliulizwa kwa sauti kubwa, "Umejikagua mwezi huu?" Wanaume katika foleni walitazama angani.

Asubuhi moja mama mmoja alikunja uso. "Mambo ya matiti mbele za watu! Hamna aibu?"

Hamira alifungua mdomo, lakini wifi alimtangulia. Alitoka kwenye moto wa tanuri na mkate mkononi, akasimama mbele ya foleni nzima.

"Aibu ilitaka kunizika mimi," alisema. "Shika mkate wako, mama, bado wa moto. Haya, tuambie. Umejikagua?"