Abiria wa Kwa Mwenyewe

Amarjit ndiye aliyeona kwanza, kwa sababu kayaki zile alizitengeneza mwenyewe katika gereji yake pale Moshi, na alijua kila moja inavyokaa majini.

"Elimringi, umepakia nini?" aliuliza. "Nyuma imezama."

Elimringi aligeuka kutazama. Kayaki yake ilikuwa ya mtu mmoja, ndefu na nyembamba, nayo imelala upande wa mkia kama punda aliyepandwa na wawili. Aliirudisha ukingoni, akashusha sufuria, makopo ya nyama, kamba na hema. Akaketi tena ndani ikiwa tupu. Mkia ukazama vilevile.

"Labda inavuja," alisema.

"Kayaki yangu haivuji," alijibu Amarjit kwa ukali kidogo, kisha akabaki anashika ndevu zake.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 1973. Kila kiangazi, mto Kikuletwa ukishapungua hasira za masika, Amarjit aliwachukua Wazungu waliojua kupiga kafi, wahandisi na walimu waliokuwa wakifanya kazi nchini, akateremka nao kutoka chini ya mashamba ya miwa hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Walilala kwenye mahema njiani. Haikuwa safari ya kujifunzia. Kulikuwa na viboko, mamba na mawe yaliyojificha chini ya maji, na asiyejua kuinua kayaki iliyopinduka hakuchukuliwa.

Viongozi wake walikuwa vijana wawili wa Uru, Elimringi na Anaeli. Walipata kipaimara siku moja, kanisa moja. Baadaye Anaeli akamwoa Yuditha, mdogo wake Elimringi, na urafiki ukawa undugu. Lakini tangu kiangazi cha mwaka uliotangulia Anaeli hakuwa ameingia tena majini. Kayaki yake ilipinduka mahali ambapo watu wa Kahe wanapaita Kwa Mwenyewe, akakaa chini hadi wenzake wakaanza kumlilia. Kisha akaibuka peke yake, bila hata kukohoa. Kule Uru walichinja mbuzi na kumshukuru Mungu. Baada ya hapo aliomba kazi ya kuendesha Landrova ya mizigo na kuwasubiri wenzake kambini. Hakuna aliyemlaumu.

Asubuhi hiyo alikuwa amesimama ukingoni, na maneno ya Amarjit aliyasikia. Hakusogea kutazama.

"Safari njema, shemeji," alisema, akaingia kwenye gari kabla hajajibiwa.

Walipoingia mtoni, Elimringi alitangulia, Wasweden watatu wakamfuata, na Amarjit akawa nyuma ya wote. Maji yalikuwa tulivu. Elimringi alipiga kafi kulia, kushoto, kulia, na katikati ya mapigo yake akasikia pigo jingine. Alidhani ni mgeni aliyemkaribia. Alipogeuka, mgeni wa kwanza alikuwa mbali kwenye kona. Akapiga tena. Pigo lile nalo likaja, nyuma ya mgongo wake hapo hapo, taratibu, kama mtu anayejifunza kwa kumwiga.

Aliacha kupiga. Pigo likaja moja zaidi, kisha likaacha.

Mchana walipopumzika kwenye mchanga, mmoja wa Wasweden, mwanamke aliyefundisha chuo kimoja huko Moshi, alimsogelea na Kiswahili chake cha kuchagua maneno.

"Yule mtu uliyembeba, kwa nini hashuki kula?"

"Mtu gani, mama?"

Mwanamke akatazama kayaki iliyokuwa ukingoni, akatazama tena, akacheka bila furaha. "Samahani. Jua kali."

Hadi wanafika kambini, harufu ilikuwa imeanza. Ilikuwa harufu ya nguo iliyolowa ikafungiwa sandukuni bila kuona jua, na ndani yake kulikuwa na ubani, kidogo tu, kama nyumba ambamo maiti ameoshwa. Anaeli alikuwa amekwisha kusimamisha mahema na kuwasha moto. Alimpa kila mtu chai isipokuwa Elimringi, ambaye kikombe chake alikiweka chini, mbali, kisha akarudi nyuma.

"Anaeli, una nini?" Elimringi aliuliza.

"Sina kitu."

"Mbona hunitazami?"

"Macho yanauma. Moshi huu."

Jua lilikuwa halijazama bado Elimringi alipoingia hemani kubadilisha nguo, akakuta godoro limelowa upande mmoja, na ule unyevu una kichwa, una mabega, una miguu iliyonyooshwa, kama mtu aliyetoka majini akalala pale akimsubiri mwenziwe, na alipokuwa bado ameinama pale akijaribu kujiambia kwamba ni hema linalovuja ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu Juni, akaona ule unyevu unajikunja polepole, goti linapanda, bega linageuka, umbo lote linamgeukia yeye.

Usiku huo alikaa kando ya moto na Amarjit, mgongo ukiwa umeegemea gurudumu la gari. Harufu ilikaa nao.

Kesho yake jua lilikuwa utosini walipofika Kwa Mwenyewe. Hapo mto unapanuka na kusimama kabisa, mikuyu imeinama pande zote, na hakuna ndege anayelia. Amarjit alisogeza kayaki yake hadi ubavuni mwa Elimringi.

"Tupite pamoja," alinong'ona. "Usisimame hata kidogo."

Hapakuwa na wimbi wala jiwe. Kayaki ya Elimringi ilipinduka kama mkono unavyogeuza chapati, na yeye, aliyekuwa amezoea kupinduka na kujiinua tangu ujana wake, alizungusha kafi apate kuinuka na kafi likashikwa, akaliachia akatafuta kamba ya sketi ya turubai iliyofunga kiuno chake kwenye mdomo wa kayaki apate kutoka na mikono miwili ikaishika mikono yake kutoka ndani ya kayaki, kule ambako hapakuwa na nafasi ila ya miguu yake mwenyewe, mikono laini, isiyo na haraka, na katika maji yale ya kijani yaliyopenywa na jua akasikia sauti ikimwambia sikioni kwa upole wa mama anayemwita mwana, Umechelewa, uliahidiwa kwangu tangu kahawa ilipochanua, na mbele ya macho yake, kwenye mzizi wa mkuyu, akaona shati limefungwa fundo likipepea, shati la buluu, na akalijua.

Akalikamata. Amarjit naye akamkamata nywele, akamvuta juu.

Walimlaza kwenye majani huku akitapika maji. Ngumi yake ilikuwa haifunguki. Amarjit alipoifungua kidole baada ya kidole, alikuta shati.

"La nani hili?"

"Langu," alisema Elimringi, meno yakigongana. "Lilipotea mwezi wa pili. Kola aliishona upya Yuditha."

Amarjit aliwaambia wageni kwamba safari imekwisha, akamchukua Elimringi kwa miguu hadi kijiji kimoja cha Kahe, kwa Maalim Kajiru, Mpare aliyesomesha watoto Korani na kutibu waliopatwa na mambo ya mtoni. Anaeli alikuwa kambi ya mbele akiwasubiri. Hawakumpelekea habari.

Maalim alikuwa akipalilia mpunga. Alinawa miguu, akamtazama Elimringi kwa muda, kisha akatazama nyuma yake kwa muda mrefu zaidi.

"Shikamoo, maalim," Elimringi alisema.

"Marahaba. Keti. Na mwenzako naye ataketi, nikitaka nisitake." Akalipapasa shati. "Kijana, huyu hakukupata kwa bahati mbaya. Umetolewa."

"Kutolewa vipi?"

"Kuna mtu alishikwa pale akaomba uhai. Akaambiwa alete badala. Na yule mwenyeji hapokei badala kwa maneno. Anataka nguo yenye jasho la mtu, na anataka itolewe na mtu wa damu yake."

"Shemeji yangu ndiye aliyeshikwa," Elimringi alisema taratibu. "Lakini shemeji si damu yangu."

Amarjit aliinamisha kichwa. Na Elimringi alipoelewa, lilimtoka guno kama mtu aliyepigwa rungu kifuani.

"Dawa yake ni moja," Maalim alisema. "Aliyetoa kwa mkono wake aje apokee kwa mkono wake. Na afanye hima. Huyu mgeni wako anazidi kuwa mzito."

Elimringi alifika Uru kesho yake alasiri, amepanda mlima akipumzika kila kona kama mzee. Anaeli alikuwa amewasubiri kambini bila kuwaona, akarudi nyumbani na Landrova. Alikuwa kwenye kihamba, shamba lake la nyumbani, akigeuza kahawa juani, na Yuditha ameketi mlangoni akimenya ndizi, mtoto mgongoni. Elimringi hakusalimu. Alitandika shati juu ya kahawa.

Anaeli aliketi chini pale pale.

"Sema," Elimringi alimwambia.

"Ungefanya nini wewe?" Anaeli alijibu bila kuinua uso. "Kule chini hakuna Mungu, shemeji. Niliita, hakuja. Yule akaja."

"Ningekufa."

"Ni rahisi kusema ukiwa na pumzi."

Elimringi alimgeukia dada yake. Mtoto mgongoni mwa Yuditha alikuwa amekaza macho nyuma ya mjomba wake, juu kidogo ya bega, na akaanza kulia. Kwenye udongo mkavu pale Elimringi aliposimama palikuwa na maji yanayotanda.

"Na wewe, Yuditha?"

"Alianza kuja hapa," Yuditha alisema kwa sauti ya chini sana. "Alisimama kwenye mlango wa jikoni kila jioni, akimtazama mtoto. Anaeli akaniambia lazima tumpe mtu. Nikakaa nikawafikiria watu wangu wote, mmoja mmoja. Wewe huna mke, kaka. Huna mtoto. Nikaona ukiondoka hakuna atakayebaki yatima."

"Nilikubeba mgongoni kukupeleka shule."

"Najua."

"Mvua ilikuwa inanyesha, nikakuvalisha koti langu."

"Najua, kaka. Nililikumbuka koti hilo nilipokuwa nalitoa shati." Alifuta kisu kwenye khanga. "Nikalitoa hivyo hivyo."

Alfajiri ilikuwa wakutane wote barabarani wateremke kwa Maalim. Anaeli aliapa mbele ya Martha, mama yao Elimringi na Yuditha, kwamba atakuja kumsindikiza mkewe. Walipoamka, Landrova ya Amarjit haikuwepo. Watu wa soko la Himo walisema waliiona ikielekea mpakani. Yuditha aliposikia hakulia. Alimkabidhi mama yake mtoto, akafunga khanga kiunoni, akaanza kuteremka kwa miguu.

Kwa Mwenyewe, Maalim alichoma ubani na kusoma hadi sauti ikakauka. Maji hayakutikisika. Yuditha aliingia hadi magotini, akageuka, akanyoosha mikono.

"Nilitoa kisichokuwa changu," alisema. "Nimekuja kukichukua. Nipe, kaka."

Elimringi alikuwa amelishika shati kwa mikono miwili. Alimwona dada yake alivyokonda. Angeweza kuling'ang'ania. Maalim mwenyewe alirudi hatua moja nyuma, kama anayempa nafasi. Neno moja tu la kukataa lingetosha, naye alikuwa nalo mdomoni, na juu ya neno lile ikakaa picha ya Yuditha akiwafikiria watu wake mmoja mmoja, akimfikia yeye, na kusimama hapo.

Akaliachia.

Uzito uliondoka mgongoni mwake ghafla hata akaanguka kifudifudi. Alipoinuka alikuwa mwepesi, na hewa ilikuwa haina harufu yoyote ila ya matope na majani. Yuditha alilikamua shati, akalikunja vizuri kama anavyokunja mke wa mtu, akalitia kwenye kikapu. Aliondoka bila kuaga. Jua lilikuwa kali na vumbi la njia ni la moto, lakini nyayo zake zilibaki mbichi kadiri macho ya Elimringi yalivyoweza kumfuata. Kando ya nyayo zake zilikuwepo nyingine.

Elimringi hakukanyaga kwa dada yake mwaka huo, wala sikukuu ya Krismasi. Anaeli hakurudi. Amarjit aliuza kayaki zote kwa mtu wa Mwanza. Watu wa kanisani waliposema Yuditha amebadilika, Elimringi alisema kila mtu ana msalaba wake, na akaona amesema neno la haki.

Siku moja baada ya masika, Martha alikuja kumwita. "Njoo umwone mwenzio," alisema tu, naye hakuweza kumkatalia mama yake.

Walimkuta Yuditha chini ya migomba, kwenye mfereji unaoleta maji kutoka msituni. Alikuwa ameketi ndani yake, maji yanampita kiunoni, gauni limevimba pande zote, na anamenya ndizi za supu ya mtori kwenye sufuria iliyokuwa ukingoni. Maji ya mfereji ule ni ya baridi hata ng'ombe huyanywa kwa kusita. Yeye hakutetemeka.

"Karibu, kaka," alisema. Uso wake ulikuwa mtulivu, ule ule wa utoto. "Usiogope. Mimi naye tumezoeana. Hanisumbui. Kila asubuhi ananiuliza tu, nimpe nani."

Martha aliziba mdomo kwa khanga.

"Nawe unamjibuje?" Elimringi aliuliza.

"Namwambia bado." Yuditha alichukua ndizi nyingine, akaigeuza mkononi, kisha akamwinulia kaka yake macho yenye uwekundu wa kukosa usingizi. "Lakini nachoka, kaka. Nachoka sana."